Tepu, Chaki na Fundi Mmoja: Siku Nane za Kutafuta Sura ya Nyumba

Kabla ya safari

Nyumba yetu ya Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, ilikuwa imefika pale ambapo nyumba nyingi za walimu hukwama. Kuta zimesimama, mabati yamepigwa, ndani hakujapigwa plasta, na pesa zilizobaki ni za kufanya jambo moja tu. Baba Salma alitaka jambo hilo liwe jipsamu. Ameiona kwa mwenzake wa bandarini: dari ya ngazi ngazi, taa za buluu zimejificha pembeni, usiku sebule inang'aa kama ukumbi wa harusi. Mimi nilikuwa na picha zangu kwenye simu, mia mbili na kitu, nimezikusanya kwa miaka mitatu: vidaka vya Lamu (vishubaka vya ukutani), dari za boriti, milango ya nakshi, sebule nyeupe pe zenye mito ya buluu. Kila nikimwonyesha huangalia moja, ya pili, kisha hunirudishia simu. "Mama Salma, hii ni hoteli."

Na nyingi, kusema kweli, zilikuwa hoteli.

Ndipo nikasema nitakwenda kuziona nyumba zenyewe likizo ya Agosti, kabla hatujamwita mtu wa jipsamu. Tukakubaliana nichukue shilingi 45,000 tulizoweka kwa dari ya sebule. Nikirudi bila jambo la maana, jipsamu itapigwa kwa mkopo, na mkopo utakatwa kwenye mshahara wangu.

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kwenda na fundi. Fundi wetu ni mzee wa Kigiriama kutoka Kaloleni, umri wa baba yangu, na hakuna nyumba ya mtaani kwetu ambayo hajaitia mkono. Tatizo lake ni moja: ukimwonyesha picha, atakujengea picha. Ukimwambia "kidaka" atakutobolea shimo ukutani na kulipiga rangi. Nilitaka akiguse, apime kina chake, ajue kimebebwa na nini. Nikamlipa nusu ya ujira wake wa siku, chakula na malazi juu yangu. Mkewe alicheka kwenye simu mpaka akakohoa: mume wake analipwa kutembea! Salma naye, miaka kumi na minne, akajichukulia kazi ya kupiga picha.

Nikaandika masharti matatu nyuma ya daftari. Kila picha lazima iwe na tepu ya kupimia au mkono wa Salma ndani yake, maana picha isiyo na kipimo ni sawa na hadithi. Kila siku tutakwenda na swali moja tu. La tatu ni kutonunua kitu kabla ya siku ya sita. Ramani ya nyumba yetu niliikunja nikaitia ndani ya daftari hilohilo.

Siku ya kwanza: Mji wa Kale, Mombasa

Mtu wa Mombasa huenda Fort Jesus mara mbili maishani: akiwa darasa la sita, na akipata mgeni kutoka bara. Mimi nimepeleka wanafunzi huko miaka nenda miaka rudi, na kazi yangu daima ilikuwa kuhesabu vichwa. Leo nilihesabu inchi.

Swali la siku lilikuwa dogo: kwa nini Ndia Kuu, njia kuu ya Mji wa Kale, ina ubaridi? Tulipita saa sita mchana, jua limesimama utosini, na bado tulikuwa tukipata kivuli upande mmoja wa njia. Nyumba zimekaribiana, na juu zimetoa roshani za mbao zilizoshikwa na mikono ya nakshi, mtindo uliokuja na mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi. Roshani zile nimeziona tangu utotoni nikazihesabu kuwa pambo. Fundi alisimama chini ya moja, akaangalia juu, akaangalia chini, akapiga hatua mbili nje ya kivuli, akarudi.

"Mwalimu, hii ni kofia."

"Kofia ya nani?"

"Ya dirisha. Na ya mpita njia pia."

Ngomeni tuliingia Nyumba ya Waomani, kale kanyumba kaliko juu ya ukuta, kenye dirisha linalotazama bahari. Upepo ulikuwa ukiingia pale hadi karatasi za daftari zikasimama. Ngome ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 na unene wa kuta zake ulikuwa kwa ajili ya mizinga, kwa hiyo hatukuwa na la kuiga hapo. Lakini fundi aliandika kwa chaki kwenye kiganja chake: "dirisha, bahari." Nilipomuuliza nyumba yetu dirisha gani linatazama bahari, akafikiri, akasema la choo.

Siku ya pili: Gede

Matatu ya Malindi ilitushusha kituo cha Gede, tukaingia ndani kwa miguu. Magofu yako msituni, kwenye miti mikubwa iliyoshika kuta kwa mizizi kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto sokoni. Mji ule ulikaliwa kwa karne kadhaa na kuhamwa katika karne ya 17. Kaburi moja lina tarehe ya Hijria 802, yaani 1399. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mwenye kiosk ya soda pale nje alitueleza habari hiyo kama aliyeuingiza ni yeye.

Nilidhani magofu hayatakuwa na la kunifundisha juu ya nyumba ya ndani, kwa kuwa hakuna paa, hakuna samani, hakuna rangi. Kumbe ukitoa vyote hivyo, mpango wa nyumba unabaki uchi. Vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Unaingia uani kwanza, kisha chumba kirefu, kisha vyumba vidogo vya nyuma, na stoo mwisho kabisa. Nyumba moja, ya pili, ya tatu, mpango ni uleule. Walipofukua walizipa majina kwa vitu walivyovikuta humo, na Salma alichekea Nyumba ya Mkasi mpaka tukatoka. Aliniuliza nyumba yetu ingefukuliwa ingeitwaje. Fundi alijibu kabla yangu: "Nyumba ya Chaja."

Tulipima chumba kirefu. Upana futi nane na kitu. Tukapima cha nyumba ya jirani, karibu vilevile. Fundi alikasirika kidogo. Sebule yetu ni futi 14 kwa 16, na yeye ndiye aliyenishauri tuitanue. "Hawa walikuwa na mawe, chokaa na watu. Mbona wanabanana?"

Jibu hatukulipata Gede. Tulichopata ni kima, aliyeshuka mtini na kuondoka na mahamri mawili ya fundi pamoja na karatasi yake.

Siku ya tatu: Barabarani

Basi kutoka Malindi, Garsen, Witu, Mokowe. Vizuizi vya polisi, vitambulisho mkononi, vumbi la kutosha kuplasta chumba. Mokowe tukapanda boti. Agosti upepo wa kusi bado una nguvu, na Salma alilowa upande mmoja tu, wa kushoto, kama aliyepimiwa. Tukashuka gatini Lamu magharibi ikikaribia. Punda wawili walikuwa wamebeba mawe ya kujengea, mmoja amebeba mchanga. Fundi aliwasalimu kwa heshima.

Siku ya nne: Ndani

Hapa ndipo safari ilipoanza hasa.

Tulifikia mtaa wa Mkomani, kwenye nyumba ya mawe ya bibi mmoja mjane anayekodisha vyumba viwili vya juu. Sitamtaja jina, sisi tulimwita Bi Mkubwa, na yeye mwenyewe aliridhika. Usiku tuliingia na tochi tukalala. Asubuhi ndiyo nikatoka nje kwa makusudi, nikafunga mlango, nikaanza kuingia upya, polepole, kama mgeni.

Nje kuna daka: ukumbi mdogo wa mlangoni, na mabaraza mawili ya mawe yametazamana. Mgeni asiye wa ndani hapo ndipo anapoishia. Anakaa, analetewa kahawa, anazungumza, anakwenda zake, na hajaona hata pazia. Ukivuka mlango, unakumbana na ukuta. Si kwamba nyumba imekwisha. Unageuka, unapita kijinjia kifupi wanachokiita tekani, unageuka tena, na ghafla uko kiwandani, ua wa katikati ulio wazi juu, na jua lote la Lamu limekusubiri humo.

Fundi alirudi nyuma akapita tena. Kisha mara ya tatu.

"Mbona wameziba mlangoni?"

Bi Mkubwa alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mlango hufunguliwa watu, haufunguliwi mato."

Mato ni macho kwa Kiamu. Nilikaa nikatoa ramani ya nyumba yetu. Mlango wa mbele wa Mtwapa ukifunguliwa, anayepita barabarani na mkokoteni wa maji anaiona sebule, anaiona meza ya chakula nyuma ya sebule, na kama mlango wa ukumbini uko wazi, anakiona kitanda changu. Tulilipia ramani ile! Na kwa miaka mitatu nilikuwa nikifikiria rangi ya mito.

Salma alisema, "Mama, nyumba hii haina madirisha." Kweli, upande wa njia ni ukuta mtupu. Mwanga na hewa vyote vinatoka kiwandani, vinaingia msana wa tini (chumba kirefu cha chini), vinapita msana wa yuu (cha juu), vinaishia chumba wanachokiita ndani. Kila chumba sakafu yake imepanda kidogo kuliko cha mbele, na kila ukipanda unazidi kuwa mtu wa nyumba hiyo. Baina ya misana miwili hakuna mlango, ni uwazi mpana unaotiwa pazia. Vitanda huwekwa kwenye ncha za vyumba hivyo virefu, na mapazia yake. Mwanga nao unapungua hatua kwa hatua, mpaka ukifika ndani macho yanataka dakika moja yapoe. Hakuna feni. Ilikuwa saa saba mchana.

Tepu: futi 8 na inchi 7. Msana wa pili: futi 8 na inchi 6. Fundi akamgeukia Bi Mkubwa, na sasa alikuwa akiuliza kwa unyenyekevu, si kama kule Gede. Bibi akaonyesha kidole juu. Dari ni boriti, moja kando ya nyingine, juu yake vipande vya mawe na zege la chokaa. Boriti ni mkoko, na uzito ule wa mawe na chokaa haubebwi na mkoko mrefu. Ukitaka chumba kikubwa zaidi, utakitafuta kwenye urefu, upana utabaki ule ule.

"Kumbe mti ndio uliochora nyumba," fundi alisema. Hakusema tena kitu kwa muda mrefu.

Halafu vidaka. Waamu huviita zidaka, na picha zangu zote za simu hazikuniandaa. Ukuta mzima wa ndani umegawanywa kwa vijumba vya chokaa, safu juu ya safu, vya chini vikubwa, vya juu vikipungua, kingo zake zimechongwa maua na mistari. Vilikuwa vya kuwekea sahani za China, vitabu, vyombo vya thamani. Vya Bi Mkubwa vingi vilikuwa vitupu. Sahani, alisema, ziliuzwa moja moja miaka ya shida, karo ya mmoja, matibabu ya mwingine. Zimebaki tatu. Kwenye vidaka vingine ameweka saa ya mezani, dawa ya presha na chaja. (Nilimwona fundi akimtazama Salma.)

Salma alitaka kuweka mkono ndani apime. Kina ni zaidi ya inchi 8. Na hapo nikamsikia fundi akivuta pumzi, maana ukuta wetu wa mawe ya kukata una inchi 6. Ndoto yangu ya miaka mitatu haiingii kwenye ukuta wangu. Ukuta wa Bi Mkubwa una inchi 19, na vidaka havikutobolewa, vilijengwa pamoja nao.

Nyuma ya vidaka kuna chumba kidogo, nyumba ya kati. Hapa wanawake walijifungulia, na hapa maiti walioshewa. "Mimi nimezawa hapa," Bi Mkubwa alisema akiwa mlangoni. "Na mamangu kakoshewa hapa." Sikupima chumba hicho. Salma naye alishusha simu bila kuambiwa.

Alasiri tulikwenda Nyumba ya Waswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kufanywa makumbusho. Vidaka vyake vimejaa sahani, vitanda vimetandikwa, majina ya vyumba yanaelezwa moja baada ya jingine. Ni safi, na kama mtu ana siku moja tu Lamu aende hapo. Chooni kuna birika la maji, na humo birikani zamani walifuga visamaki wale viluwiluwi vya mbu. Salma ameshaamua tutafuga.

Siku ya tano: Mlango na chokaa

Asubuhi karakana za wachongaji, upande wa pwani. Nilikuja na swali la mlango. Kijana aliyekuwa akichonga fremu hakutumia karatasi: bikari ya chuma, penseli, patasi, nyundo ya mti. Waridi likatoka kwenye ubao wa mbambakofi mbele ya macho yetu kwa muda wa chai moja. Alitueleza sehemu: miimo ya pembeni, kizingiti, na mfaa, ule mti wa katikati uliofungwa kwenye ubawa mmoja ambao ndio unaofunika mwanya. Mlango wa namna ya Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, nakshi yake ni ya kukwangua, haina kina, na hupakwa nyekundu, nyeusi na nyeupe. Huo niliupenda kuliko yote, na sikuwa na picha yake hata moja kwenye simu, kwa sababu hoteli haziutumii sana.

Nikauliza bei ya mlango kamili wa nakshi. Aliitaja kwa adabu. Ilizidi mabati yote ya nyumba yangu pamoja na misumari.

Nilirudi kwa Bi Mkubwa nimenuna. Akanipa chai. "Nyumba njema si mlango," akasema, akaniachia mimi mwenyewe nimalizie. Kila mtoto aliyepita shule yangu anaijua methali hiyo, mimi ndiye huwa naiandika ubaoni. Nilimalizia kimoyomoyo: fungua uingie ndani.

Fundi mchana wote hakuonekana. Nilimkuta jioni nyuma ya ngome amekaa na fundi mwenzake wa Lamu, wote wawili mikono myeupe mpaka viwikoni. Wamefunuliana siri. Yule wa Lamu alimweleza kwa nini nyumba zetu za pwani hubanduka rangi kila mwaka: mawe ya matumbawe yana chumvi na yanavuta unyevu, ukiyafunga kwa plasta ya simenti unyevu unakosa njia, unaisukuma rangi. Chokaa inaupitisha. Lakini chokaa inataka subira. Ilowekwe wiki kadhaa kabla ya kupakwa, ipakwe nyembamba, safu kwa safu, na isikaushwe na jua kali. Fundi wangu amejenga miaka thelathini kwa simenti. Usiku huo alitembea na kibonge cha chokaa kwenye mfuko wa shati, akawa akikitoa na kukiangalia.

Siku ya sita: Shela

Tulikwenda kwa miguu ufukweni maji yakiwa yametoka. Shela, kijiji cha kisiwani humohumo, ni nzuri, hakuna ubishi. Nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya na kutengenezwa upya, na zile picha zangu mia mbili, nadhani mia na hamsini zilipigwa hapa. Mtunzaji mmoja alituruhusu tuingie mwenye nyumba akiwa hayupo. Kuta nyeupe, mito ya buluu, vidaka vyenye mishumaa. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na mahali pake palikuwa pa kutazamwa. Ukuta wa njiani umetobolewa madirisha mapana ili bahari ionekane. Daka limefungwa geti.

Fundi aliuliza watu wanakaa wapi wakija kusalimia. Mtunzaji akacheka, akasema hupiga simu kwanza.

Hapa ndipo nilipofuta picha. Nilikaa chini ya kivuli nikazifuta moja moja, nikabakiza kama thelathini. Sikuzifuta kwa hasira. Sikuwa tena na haja nazo, nilikuwa na vipimo.

Siku ya saba: Matondoni

Siku ya kununua, kwa masharti yangu mwenyewe. Matondoni, kijiji kingine cha kisiwani, wanaume wanajenga majahazi na wanawake wanasuka mikeka. Tulikaa na kinamama watano chini ya mwembe wakisuka ukili wa miyaa, vidole vinakwenda mdomo nao unakwenda. Ukili ukishakuwa mrefu wa kutosha, huzungushwa na kushonwa mpaka mkeka utokee upana. Niliagiza mikeka miwili kwa kipimo cha msana wangu wa kubuni: futi 8 kwa 5. Mmoja akaniuliza sebule yangu ina upana gani. Nikamwambia 14. Akasema, "Basi nusu yake ni ya nani?"

Nimekuwa nikilijibu swali hilo kichwani tangu siku hiyo. Nusu yake ni ya kabati la runinga na makochi ya watu saba ambao hawajawahi kuja siku moja wote.

Kuhusu boriti, fundi aliuliza kama tunaweza kuzibeba Mombasa. Wanaume wa pale walitutajia ukubwa wake kwa majina, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila jina na unene wake, wakatueleza pia kwamba mikoko haikatwi bila kibali cha idara ya misitu. Tukaacha. Nyumba yetu ina mabati, haina haja ya kubebewa mawe juu, na boriti isiyobeba kitu ingekuwa jipsamu yangu mimi.

Siku ya nane: Kurudi

Boti, basi, vizuizi, vumbi. Mikeka tuliifunga juu ya basi kwa kamba ya katani. Fundi alikaa na daftari langu magotini toka Witu mpaka Malindi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akichora. Zamani alikuwa akichorewa.

Mtwapa

Baba Salma alitupokea kwa maswali mawili: pesa zimebaki ngapi, na mlango uko wapi. Zilibaki shilingi 11,300. Mlango haukuwepo.

Kesho yake tukakutana nyumbani, sisi watatu na yeye. Fundi alitoa chaki, akachora sakafuni. Futi tano kutoka mlango wa mbele alipiga mstari wa ukuta mfupi, futi sita urefu wake, wa mawe ya inchi 9. "Huu ndio wa kuziba macho," akasema. Upande wake wa ndani, unaotazama sebule, ndipo vidaka vitakapojengwa, si kutobolewa: safu tatu, vinane kwa jumla, chini vikubwa, juu vidogo, kina inchi 7, na mgongo wa inchi 2 uliotiwa wavu wa chuma. Akachora mstari mwingine ukigawa sebule: futi 8 na nusu mbele, zilizobaki nyuma, na hatua moja ya inchi 4 kati yake. Hakuna ukuta hapo. Reli ya pazia tu. Dirisha jingine litafunguliwa mashariki, juu, chini ya linta, na kofia yake. Plasta ya ndani itakuwa ya chokaa. Ameshaloweka pipa mbili kwake Kaloleni bila kuniuliza.

Baba Salma alizunguka michoro ile kama anayekagua kontena. Alisimama barabarani, akatwambia tusimame nyuma ya mstari wa ukuta, akaangalia. Akarudi. Akatoka tena, safari hii akachuchumaa.

"Na runinga itakaa wapi?"

"Nyuma," nikasema. "Ndani zaidi. Aangalie mwenye nyumba."

Hakujibu. Lakini alichukua chaki mkononi mwa fundi, akachora kitu nje ya mlango, pande mbili, mistari miwili imetazamana. "Na hapa? Si umesema kuna mabaraza?"

Tulianza na hayo, kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Jumamosi fundi alijenga baraza la kulia, urefu futi tano, kimo inchi 17, akapiga plasta laini juu na kuifunika na gunia lililoloweshwa. Alipokwenda kunawa mikono alirudi akakuta wazee wawili wa mtaani, ambao mpaka leo sijui majina yao, wameliondoa gunia, wamelikunja vizuri pembeni, wamekaa wanazungumzia bei ya unga. Aliwafukuza kwa mwiko. Alama za makalio yao bado zipo, na Baba Salma amekataa zisawazishwe.